Mwanafunzi Mbele ya Mwasi: Tambu na Nyasha katika Riwaya ya Tsitsi Dangarembga

Riwaya ya Tsitsi Dangarembga iitwayo Nervous Conditions ilichapishwa London mwaka 1988, na katika muda usiotimia miaka hamsini imekwisha kuhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi ya Kiafrika zinazoshughulikia hali ya mwanamke. Jina lake limetokana na utangulizi ambao Jean-Paul Sartre alikiandikia kitabu cha Frantz Fanon cha mwaka 1961, mahali anapoieleza hali ya mtawaliwa kuwa ni namna ya ugonjwa wa neva. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya jina hilo, na makala hii haina haja ya kuyarudia. Linalokusudiwa hapa ni jambo moja tu: namna msichana mwanafunzi, Tambudzai, anavyomtazama ndugu yake mwasi, Nyasha, kwa nini hawezi kumkubali wala kumkataa, na ni nani hasa anayelipa gharama ya kusitasita huko.

Swali hili lina uzito kwa sababu mwanafunzi anayeisoma riwaya hii darasani naye hujikuta katika hali ileile. Nyasha humvutia na kumchukiza kwa wakati mmoja. Anasema kweli, lakini anaisema mezani mbele ya wazazi. Anadai haki, lakini kwa sauti ambayo mtoto wa Kiafrika hakulelewa kuitumia. Basi mwanafunzi akiambiwa amsawiri mhusika huyu, aghalabu huchagua upande mmoja. Humfanya Nyasha kuwa shujaa wa ukombozi wa mwanamke, au humfanya kuwa mfano wa mtoto aliyepotezwa na Uzungu. Majibu yote mawili yanaweza kupata alama nzuri. Hata hivyo hakuna hata moja kati yake ambalo ni jibu la riwaya.

Habari yenyewe si ndefu. Tambu amezaliwa katika mji wa wakulima maskini katika wilaya ya Umtali, ambayo leo ni Mutare, huko Rhodesia iliyotawaliwa na walowezi wa Ian Smith. Kaka yake, Nhamo, ndiye aliyechaguliwa kusoma kwa kuwa ni mwanamume. Nhamo anapofariki mwaka 1968 akiwa katika shule ya misheni, nafasi yake anaipata Tambu kwa kuwa hakuna mtoto mwingine wa kiume wa kuishika. Anahamia nyumbani kwa Babamukuru, kaka mkubwa wa baba yake, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule hiyo na ambaye pamoja na mkewe Maiguru amepata kusoma Uingereza kwa miaka mitano. Huko Tambu analazwa chumba kimoja na Nyasha, binti wa nyumba hiyo. Kiingereza kinawaita hawa wawili kwa neno linalowatenga kidogo, na Kiswahili cha leo nacho kimezoea kusema binamu. Kwa desturi ya Washona, kama ilivyo kwa wengi wa majirani zao, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo ni ndugu, wala hakuna haja ya neno jingine.

Yafaa ikumbukwe kwamba Tambu mwenyewe si kondoo. Kabla hajamfahamu Nyasha vizuri alikwisha kuasi kwa namna yake. Baba yake, Jeremiah, alipomwambia kwamba hakuna pesa za karo na kwamba mume hatalishwa vitabu, aliomba mbegu, akalima mahindi yake mwenyewe, akayatunza mpaka yakazaa. Nhamo alipoyaiba na kuwagawia wenziwe, alimrukia uwanjani mbele ya watu wakapigana. Mwishowe mwalimu wake alimchukua mjini kuyauza mahindi mabichi, mwanamke mmoja wa Kizungu akamhurumia na kumpa pauni 10, na pesa hizo zikawekwa shuleni kwa ajili ya masomo yake. Huu ni uasi, lakini ni uasi wenye shabaha. Una jembe, una mavuno, una hesabu, na ukiisha kufaulu unanyamaza. Tambu haulizi kwa nini mvulana apewe na msichana anyimwe. Anatafuta mlango wa kupitia. Hapo ndipo penye tofauti kati yake na Nyasha, ambaye mlango anao tangu zamani na anauliza ni nani aliyeujenga ukuta.

Mara ya kwanza Tambu anapomwona Nyasha baada ya miaka ile ya Uingereza, kinachomgusa ni gauni. Gauni la Nyasha ni fupi mno. Watu wamekusanyika kuwalaki wageni, nyama imechinjwa, ngoma inapigwa, na yule ndugu aliyekuwa akicheza naye zamani amekaa kando hachezi wala hasemi. Tambu anamwendea amwite katika ngoma. Jibu linatoka kwa Maiguru, kwamba watoto hawaelewi Kishona vizuri tena. Mambo mawili yanatokea hapo kwa pamoja, na wahakiki wengi wameyatenganisha. Kwanza Tambu anahukumu: gauni si la heshima. Pili anaumia, kwa kuwa amempoteza mtu. Hukumu ile imezaliwa na uchungu huu. Msomaji asiyeliona hilo atadhani kwamba Tambu anazungumza kwa niaba ya mila, ambapo kwa kweli anazungumza kwa niaba ya mtoto aliyeachwa.

Katika nyumba ya misheni uchungu huo unageuka kuwa mapenzi, lakini hukumu haiondoki. Siku ya kwanza mezani Tambu anashuhudia jambo ambalo hakuwahi kudhani laweza kutokea. Nyasha anajipakulia chakula bila kungoja zamu, anauliza kitabu chake cha D. H. Lawrence kiko wapi, na anapojua kwamba kimeondolewa, anabishana na wazazi wote wawili mbele ya mgeni kisha anaondoka mezani. Tambu anatahayari kana kwamba ni yeye aliyetenda. Lakini usiku, taa ikiisha kuzimwa, ni Nyasha huyohuyo anayemfungulia ulimwengu. Anamweleza habari za mambo ambayo shuleni hayafundishwi, anamwazima vitabu, anamuuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyepata kumuuliza. Mchana Tambu ni mwanafunzi wa Babamukuru na usiku ni mwanafunzi wa Nyasha. Hawezi kumwasi yeyote kati ya walimu hao wawili bila kupoteza nusu ya elimu yake.

Hili ndilo linaloifanya hali ya Tambu kuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Husemwa kwamba anamwogopa Babamukuru. Ni kweli, lakini woga si neno lote. Babamukuru ndiye karo, ndiye sare, ndiye kitanda chenye shuka. Kila Tambu anapoinua kalamu anainua mkono wa mtu huyo. Shukrani ni kamba iliyo imara kuliko kiboko, kwa kuwa aliyefungwa nayo huona aibu kuivuta. Nyasha hana deni la namna hiyo. Mtoto hamshukuru baba yake kwa kumzaa. Hivyo anaweza kuyaona maovu ya Babamukuru waziwazi, na hilo pia ni aina ya utajiri ambao Tambu hana. Dangarembga hakulificha jambo la tabaka katika urafiki huu, ingawa wanaomsifu kama mtetezi wa wanawake hulipita haraka. Wasichana wote wawili wanaonewa kwa kuwa ni wasichana. Lakini mmoja akitoka nyumbani kwa hasira anaweza kurudi, na mwingine akitoka amerudi shambani kwa Jeremiah.

Kilele cha mambo haya ni usiku wa dansi ya shule. Nyasha anachelewa nje kwa dakika chache na kijana wa Kizungu, mtoto wa mmisionari, anayemfundisha hatua za ngoma. Babamukuru anamngoja, anamwita malaya, anampiga, na Nyasha anamrudishia baba yake ngumi ya jicho. Baba anaapa kumwua. Mama na kaka wanamshika. Katika fasihi ya Kiafrika si mara nyingi binti kumpiga baba yake, na mwandishi anajua kwamba msomaji wake atashtuka. Kwa hiyo hakumpa Nyasha nafasi ya kujieleza hapo. Alimpa Tambu, ambaye hakupiga wala hakupigwa, kazi ya kufikiri. Na fikira inayomjia ndiyo kitovu cha riwaya nzima. Mpaka usiku ule alikuwa akiamini kwamba kudharauliwa kwa wanawake kunatokana na umaskini, au ujinga, au mila za mashambani. Alikuwa ameyaona hayo kwao na akaamini kwamba elimu ni dawa. Sasa anayaona katika nyumba ya mwalimu mkuu, chini ya taa ya umeme, yakitendwa na mtu mwenye shahada. Anamlinganisha Babamukuru na marehemu Nhamo, na anatambua kwamba kosa la Nyasha na kosa lake yeye lilikuwa moja, nalo ni kuzaliwa mwanamke.

Mtu angetazamia kwamba baada ya kuyatambua hayo Tambu angesimama upande wa Nyasha. Hasimami. Anamfariji, anampenda zaidi, kisha anarudi katika utii wake kama mtu anayekunja barua asiyotaka kuijibu. Wako wanaouita udhaifu huu upungufu wa usanii, kwamba mhusika haendelei. La hasha. Mwandishi ameonyesha jambo ambalo kila mwalimu analijua, kwamba mwanafunzi anaweza kuielewa kweli barabara na bado akajibu mtihani kwa namna itakayompendeza msahihishaji.

Hapa ni lazima lugha izungumzwe, kwa kuwa bila hiyo uasi wa Nyasha hauwezi kupimwa kwa haki. Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, lakini majina ya ukoo yameachwa katika Kishona bila kufasiriwa: Babamukuru, Maiguru, Mainini, Tete. Msomaji wa Kiswahili hahitaji faharasa kubwa. Baba mkubwa, mama mkubwa na mama mdogo anawatambua papo hapo, na katika mukuru anausikia mzizi uleule wa neno lake kuu. Ni Tete tu, ambaye ni shangazi, atakayehitaji kuelezwa. Maneno haya si majina tu. Ni vyeo, na kila anayeyatamka anajiweka mahali pake. Tambu anapomsimulia Babamukuru hana jina jingine la kumwita, hata katika mawazo yake. Amemfikiria kwa cheo tangu utoto, na ni vigumu kuhoji cheo kwa kukitaja. Nyasha humwita baba yake kwa neno la watoto wa Kiingereza, na kwa kawaida hugombana naye kwa lugha hiyo, ambamo wewe ya mtoto na wewe ya mzee ni moja. Maiguru naye ana Kiingereza chake: humbembeleza mumewe kwa majina ya kitoto ya lugha hiyo, na ndani yake ameificha shahada yake ya pili, ambayo watu wa ukoo hawajui hata kwamba anayo.

Kwa hiyo katika riwaya hii mamlaka imeachwa katika Kishona na uasi umetiwa katika Kiingereza. Haielekei kwamba mwandishi alifanya hivyo kwa bahati. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1959, alichukuliwa Uingereza akiwa mtoto mdogo na aliporudi ilimbidi ajifunze Kishona upya. Anajua ni kitu gani kuwa na ulimi ambao nyumbani hauna pa kukaa. Nyasha anajitahidi sana kuurudisha wake. Wasichana wenzake shuleni hawampendi kwa sababu ya matamshi yake. Wanadhani anajifanya mzungu. Wakati wa likizo huko mashambani anachota udongo na kujifunza kufinyanga vyungu. Vyungu hivyo anakuja kuvipanga chumbani mwake misheni. Tambu, aliyekulia kati ya vyungu vya kazi, haoni maana kubwa ya kuvifanya mapambo. Pengine hakuna mahali pengine katika riwaya ambapo wawili hawa wako mbali kiasi hicho. Mmoja anakimbia vyungu kuelekea vitabu, na mwingine amevichoka vitabu anatafuta vyungu, na kila mmoja anaona mwenziwe anachezea mali.

Kutokana na mpangilio huo wa lugha kunazuka hoja ambayo inasikika sana nje ya kitabu pia: kwamba uasi wa mwanamke ni kitu cha kigeni, kilichokuja na meli. Ndani ya riwaya hoja hii imewekwa kinywani mwa mama yake Tambu. Nyasha anapougua, mama huyo anatoa utambuzi wake bila kusita, kwamba kinachowaua watoto ni Uingereza, na anamwonya bintiye asije akamezwa nao. Ni maneno mazito, yanayosemwa na mwanamke aliyezika mwana ambaye kabla ya kufa alikuwa amejifanya hasemi tena lugha ya mama yake. Haifai kuyacheka. Wala haifai kuyapokea yote, kwa sababu mwandishi amemleta Lucia ili ayajibu.

Lucia ni ndugu wa mama huyohuyo. Hajasoma, hajavuka bahari, na Kiingereza chake si cha kutajwa. Wanaume wa ukoo wanapokutana kumhukumu bila yeye kuwapo, anaingia barazani na kumkamata sikio Takesure, mwanamume aliyemtia mimba na ambaye sasa anamsingizia. Baadaye, Tambu anapoadhibiwa, ni Lucia anayemwendea Babamukuru na kumuuliza usoni kama alipata kumtaka binti huyo aeleze nia yake. Lucia mwenyewe anasema kwamba anaweza kufanya hivyo kwa kuwa hana mume wa kumtii, na hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Lucia anaijua lugha ya mahali pake. Babamukuru anapomtafutia kazi ya upishi misheni, Lucia anapiga magoti na vigelegele na kumsifu kupita kiasi. Nyasha anakasirika na kumwona kuwa anajidhalilisha. Lucia anamjibu, kwa ufupi, kwamba mzee alitaka aombwe, naye akaomba, na sasa kila mmoja amepata alichokitaka. Kisha anajiandikisha darasa la kwanza pamoja na watoto.

Jibu hilo la Lucia lina ujanja ambao Nyasha hauwezi na Tambu anauweza nusu. Kumsifu Lucia kupita kiasi, hata hivyo, ni kosa ambalo wahakiki wanaotafuta uasi wa asili hulifanya. Kazi ni ya Babamukuru, nyumba ni ya Babamukuru, na siku atakapoacha kupenda kuombwa, magoti hayatasaidia. Lucia anathibitisha kwamba uasi hauhitaji Kiingereza. Hathibitishi kwamba Kishona kinautosheleza. Nyasha anataka mtu asilazimike kuomba kabisa, na dai hilo ni kubwa kuliko ujanja wote wa Lucia.

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili atakumbuka hapa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Huko pia yuko baba mkali, Zakaria, anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya kijana. Huko pia ukali unazaa kile ulichokusudia kukizuia, na binti anaishia kujiua. Tofauti kubwa ni ya jicho. Rosa anatazamwa na msimulizi anayeyajua yote, anayemhurumia na kumhukumu kutoka juu, na msomaji huachwa na mizani miwili tu, ya lawama kwa baba na lawama kwa binti. Rosa hana Tambu. Hana mtu wa rika lake, mwenye woga wake na tamaa zake, wa kumtazama akiwa karibu na kusema: alikosea, na nilimpenda, na sikumsaidia. Kwa sababu hiyo anguko la Rosa linasomwa kama funzo. La Nyasha linasomwa kama jambo ambalo lingeweza kuzuiwa na mtu fulani aliyekuwapo.

Na Tambu alikuwapo. Kabla ya kulifikia anguko hilo, lakini, ni haki kutaja siku moja ambayo naye aliasi. Babamukuru ameamua kwamba mikosi ya ukoo inatokana na dhambi ya Jeremiah na mkewe kuishi bila ndoa ya kanisani, na kwa hiyo arusi itafanywa, watoto wao wakubwa wakitazama. Tambu anaona kwamba wazazi wake wanafanywa kichekesho, na kwamba yeye mwenyewe anatangazwa kuwa mtoto wa haramu. Lakini maneno ya kukataa hana. Asubuhi ya arusi mwili wake unakataa kwa niaba yake. Hawezi kuinuka kitandani, na anajiona kana kwamba amesimama pembeni akijitazama amelala. Baadaye anapata sauti na kusema haendi. Anachapwa viboko, na kwa majuma mawili anafanya kazi zote za mtumishi Anna. Riwaya haisemi mengi juu ya ukweli kwamba adhabu ya Tambu ya siku kumi na nne ndiyo maisha ya Anna ya kila siku. Msomaji ana ruhusa ya kulisema.

Mwili uliomkatalia Tambu siku moja ndio utakaomkatalia Nyasha kwa miezi mingi. Hili ndilo daraja kati yao, na limejengwa kwa ustadi bila kutangazwa. Nyasha anaacha kula. Babamukuru anaona ukaidi na anamwamuru ale mpaka amalize sahani. Nyasha anakula mbele yake, kisha anakwenda bafuni kujitapisha. Anasoma usiku kucha kwa mtihani. Chakula ni cha baba, na elimu ni ya walowezi, naye anajaribu kutapika kimoja na kumeza kingine mpaka mwili hauna nguvu ya lolote.

Wakati huo Tambu hayuko. Amefaulu mtihani na kupata nafasi katika shule ya watawa iitwayo Sacred Heart, miongoni mwa wasichana wachache weusi waliopangwa kulala wote chumba kimoja kati ya Wazungu. Nyasha alimsihi asiende. Alimwambia kwamba nafasi hiyo ni njia ya kuwachukua wachache ili wengi wasahauliwe. Tambu alimsikiliza kwa ile tabia yake ya kumsikiliza, yaani alikiri kwamba hoja ni nzuri na akafunga sanduku. Barua za Nyasha zinamfuata huko, mwanzoni za mizaha na habari za misheni, halafu nzito, za upweke. Tambu anachelewa kujibu. Kuna vitabu vingi, michezo mingi, ratiba. Hakuna ukatili wowote katika kuchelewa huko, na ndiyo maana kunatisha. Katika riwaya yenye ngumi, viboko na matusi, tendo linalomwumiza Nyasha pasipo kelele ni barua isiyojibiwa na mtu anayempenda.

Tambu anaporudi likizoni anamkuta amebaki mifupa. Usiku mmoja Nyasha anapasuka. Anakitafuna na kukirarua kwa meno kitabu chake cha historia, akipiga kelele kwamba ni uongo wao, anavunja vioo, anavunja vile vyungu vyake vya udongo na kujichoma nyama kwa vigae. Halafu analala juu ya mapaja ya mama yake kama mtoto mchanga. Anasema kwamba hamchukii baba yake, na kwamba hao wengine wamemfanya yeye na baba yake kuwa hivi walivyo. Daktari wa akili wa Kizungu wanayempelekea anasema kwamba Mwafrika hawezi kuugua ugonjwa wa namna hiyo, na kwamba msichana anajitia. Mkoloni na mama yake Tambu wamefikia jambo lilelile kwa njia mbili. Mmoja anasema kwamba maradhi haya si ya Waafrika, na mwingine kwamba Nyasha amekuwa Mzungu. Hakuna kati yao aliye tayari kukubali kwamba msichana wa Kiafrika, akiwa Mwafrika, anaweza kuumwa na maisha yake.

Inabaki sauti inayosimulia. Tambu anayeyaeleza haya si yule msichana wa chumbani. Ni mtu mzima, na tangu ukurasa wa kwanza, mahali anapokiri kwamba kifo cha kaka yake hakikumhuzunisha, anamtaja Nyasha kwa tahadhari, akisema kwamba uasi wake huenda haukufaulu. Neno hilo huenda limepitwa na wasomaji wengi kama adabu ya maneno. Kwa hakika ni mahali ambapo mwanafunzi aliyesitasita utotoni anaendelea kusitasita ukubwani, ila kwa nia nyingine. Zamani alisita ili asichague. Sasa anasita ili asimwandikie Nyasha hukumu ya mwisho, kwa kuwa anajua ni nani aliyekuwa mbali siku hukumu hiyo ilipokuwa ikiandikwa.

Dangarembga hakuliacha jambo hilo hapo. Mwaka 2006 aliandika The Book of Not, juu ya miaka ya Tambu katika shule ya watawa wakati wa vita vya ukombozi, na mwaka 2018 This Mournable Body, iliyoingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 2020. Katika hiyo ya tatu Tambu ni mtu wa makamo mjini Harare, hana kazi wala mume, na riwaya nzima inamsema kwa nafsi ya pili, wewe, kama mtu asiyethubutu tena kusema mimi. Anapata kazi ya ualimu. Siku moja anampiga mwanafunzi wa kike mpaka anamjeruhi, naye anaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anayekuja kumtoa huko na kumpa chumba nyumbani kwake ni Nyasha.